Ndoo Zisizorudi Tupu

Nilirudi kutoka Dhaka na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo. Ndani ya begi mlikuwa na nguo zangu na kitambaa cha hariri nilichomnunulia mama, lakini kilichonitia wazimu wa furaha ni lile kopo. Miaka ile ya tisini nilikuwa nikifanya kazi kwenye maabara ya udongo, serikalini, na kazi ndiyo iliyonipeleka kule kwa mafunzo. Siku moja walitutoa darasani wakatupeleka kwenye kichochoro ambacho gari haliingii. Tukawakuta wanawake wamepanga mapipa mbele ya milango yao, wanatia humo maganda ya mboga na kila kibichi cha jikoni, na chini ya pipa inatoka mbolea nyeusi, laini, isiyonuka chochote ila ardhi. Mmoja wao aliniona nimeinama naivuta kwa pua, akacheka, akanijazia kopo.

Mama yangu alilifungua lile kopo mlangoni, hata hajaniuliza habari za safari.

"Nini hiki?"

"Mbolea, mama. Imetokana na taka za jikoni."

Akalifunga, akanirudishia. "Wenzio wakisafiri huleta manukato," alisema. "Wewe umenletea jaa. Kwani hatunalo?"

Tulikuwa nalo. Tulikaa Darsait, mtaa wa Maskati, nyumba ya chini kabisa ya jengo la ghorofa nne, na dirisha la chumba cha mama lilitazama njia. Mama alizaliwa na kukulia Unguja mjini, na kwa watu wa pale mtu asiyeonana na wapita njia ni mgonjwa au ana deni. Baba alipofariki nikamchukua nikae naye, naye akalifanya lile dirisha kuwa baraza lake. Aliketi hapo na kanga yake kichwani, akijua nani anakwenda Ruwi kutazama vitambaa, nani anatoka Matrah na samaki gani, na nani wamenuniana na wanapita pande mbili za njia. Kisha njia ikapanuliwa, na pipa la taka la mtaa, lile kubwa la chuma linalobebwa na lori, likahamishiwa pembeni mwa jengo letu, chini ya dirisha lake. Upande wetu wa njia hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Kiangazi hakuna aliyejali, maana kiangazi cha Maskati kila mtu amefunga madirisha na mashine ya baridi inanguruma. Lakini baridi ilipoingia, ile miezi michache mizuri ambayo watu wa mji wetu hufungua madirisha na kupumua, dirisha la mama likabaki limefungwa. Lile pipa lilikuwa likitoa harufu ya kumtoa nyoka pangoni.

Akatoa hukumu yake siku moja tukinywa chai.

"Idd ikipita dirisha hili bado limefungwa, mimi nnakwenda zangu Unguja kwa kaka'ngu. Nshamwambia. Chumba keshapaka chokaa."

"Mama, dirisha tu?"

"Wewe una kazi, una watu wa kuzungumza nao kutwa. Mimi nna ukuta."

Mama yangu hatishii. Akisema neno, limesemwa. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyekuwa Maskati, mume wangu alifanya kazi jangwani kwenye mafuta na tulimwona kwa zamu, na nyumba ile bila sauti ya mama ningeishije? Ramadhani ilikuwa inagonga mlango. Idd haikuwa mbali. Nikaogopa kweli kweli, na mimi nikiogopa sikai kitako.

Nikaenda baladiya, ofisi ya manispaa. Ofisa wa usafi aliyesimamia mtaa wetu alikuwa Muomani mwenzetu, wa hawa tuliorudi kutoka Afrika, aliyezaliwa Tabora, Kiswahili chake cha bara kimenyooka, na uso wake ni wa mtu anayesikia malalamiko tangu asubuhi. Nilimweleza habari za pipa na za mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, pipa naweza kulihamisha hata kesho," alisema. "Ng'ambo ya barabara, pale kwenye karakana za maseremala, nafasi ipo. Tatizo ni wale mafundi. Wanasema litanuka, wateja watakimbia. Nikiwalazimisha watalalamika, na watakuwa na haki. Wewe pata kauli yao. Siku wakisema ndiyo kwa midomo yao wenyewe, mimi naleta lori."

"Kinachonuka si pipa," nikamwambia. "Kinachonuka ni maganda na machicha ya nazi na majimaji ya jikoni. Tukiviweka mbali, ndani ya pipa kitabaki nini?"

Alifikiri. "Makaratasi. Makopo."

"Makopo yananuka?"

"Hayanuki," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Nilitoka pale nikapitiliza moja kwa moja mpaka karakana.

Mkuu wa karakana alikuwa fundi wa Kipunjabi mwenye ndevu za hina, mtu wa miraba minne, na lugha yetu pamoja ilikuwa Kiarabu kile cha kazini, kilichovunjika kwake na kwangu pia kikavunjika ili tuelewane. Nyuma ya karakana palikuwa na kiwanja kitupu kinachoishia kwenye jabali, na kiwanja chote kilijaa maranda na unga wa mbao. Lundo limemshinda, na kila siku anaomba Mungu asipite mtu na sigara. Nilipoliona nusura nimkumbatie. Taka za jikoni peke yake huoza zikanuka, maana ni maji matupu. Zikichanganywa na kitu kikavu chenye nafasi ya hewa ndani yake, zinapata moto zenyewe na kuwa mbolea. Mimi nina kibichi, yeye ana kikavu, kati yetu ni barabara moja tu. Nilimweleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Nilimwomba maranda ya mbao safi, si zile za gundi na rangi, na kipande cha kiwanja chake karibu na jabali. Na nikamwomba jambo la tatu: tukifika Idd na lundo langu halijanuka, akubali pipa lije kwake.

Alinitazama kama mtu anayepima mbao iliyopinda. Kisha akaziba pua kwa vidole viwili, akasema, "Mama, hadha wajid khayis, khalas." Yaani ikinuka sana, basi, imekwisha. Tukakubaliana hivyo.

Nyumbani nilikwenda mlango kwa mlango na kopo langu la Dhaka. Sijui kusema mambo polepole nikiwa nimechangamka, na nadhani wengine walikubali ili niondoke. Jirani wa ghorofa ya tatu ndiye aliyekubali kwa moyo. Watu wake walitoka Bujumbura, mwanamke mkubwa, mwenye kicheko kinachotangulia ngazi, na mikono ya kubeba gunia. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, "sasa vidole ni viwili, twende." Tukanunua ndoo zenye vifuniko, moja kwa kila nyumba. Mpango ulikuwa mwepesi. Kila alasiri ndoo ziletwe mlango wangu wa nyuma, mimi na yeye tuzimwage kwenye kigari, tuvuke barabara, tutie kwenye lundo pamoja na maranda, kisha ndoo zirudi kwa wenyewe.

Mama alikuwa na sharti. "Wali hauingii humo. Wala mkate. Neema ya Mungu haichanganywi na uchafu, mimi hilo sitalibeba kesho akhera." Hilo halikuwa na ubishi, mabaki ya wali na mkate yakaendelea kwenda kwa mbuzi wa jirani kama siku zote. Kwa lundo langu ilikuwa heri tupu, maana vyakula vilivyopikwa na mafuta ndivyo vinavyoharibu kazi. Nilimshukuru mpaka akashuku nina jambo.

Ramadhani ikaingia, na nyumba za watu wetu mwezi ule ni nazi tu. Muhogo wa nazi, ndizi za nazi, tambi za nazi, samaki wa kupaka. Kutwa nzima unasikia mbuzi za nazi zikikwaruza toka ghorofani mpaka chini, na kila nazi ikikamuliwa yanabaki machicha. Ndoo zikaanza kuja, zimejaa. Nilifungua ile ya kwanza nikapiga kelele ya furaha. Maganda ya mbatata yanang'aa. Machicha meupe pe. Maganda ya ndizi yamekatwa vipande vinavyolingana, yamepangwa. Ndoo moja kutoka ghorofa ya pili ilikuwa na nusu ya kabichi, mbichi, ambayo mimi ningeipika. Nikamwambia jirani, "Wanawake wa Dhaka hawatuwezi." Kila alasiri tulivuka barabara na kigari chetu tumefunga saumu na tumekauka midomo, tunacheka njia nzima.

Kisha lundo likaanza kunuka.

Halikunuka kidogo kidogo. Nilikwenda alasiri moja nikakuta harufu ya maziwa yaliyochacha imesimama mlangoni mwa karakana, nzi wamejaa, na chini ya lundo yanachuruzika maji ya rangi ya chai. Fundi wa ndevu za hina alikuwa amesimama na kitambaa puani. Hakupandisha sauti. "Mama, wajid khayis," alisema, kwa masikitiko, kama mtu aliyelijua jambo mapema na hakupenda liwe. Nilimwomba muda. Akasema mpaka Ijumaa, baada ya hapo analifukia.

Hapo nikakasirika, na sikuchagua wa kumkasirikia. Nilikasirikia nazi. Nilikasirikia baladiya, ambayo haikunikosea. Mimi ndiye ninayewapimia watu udongo wao na kuwaambia umelowa au umekauka, na lundo langu mwenyewe limegeuka kinamasi. Maji yalikuwa yamezidi, hilo lilionekana kwa macho. Lakini yametoka wapi? Mvua haikunyesha. Maranda tulitia. Nikamgeukia jirani wangu wa ghorofa ya tatu tukiwa na kigari katikati yetu.

"Wewe unatia maji kwenye ndoo?"

"Mimi? Hapana."

"Hata kidogo?"

"Sitii maji. Naosha tu."

"Unaosha nini?"

"Maganda, jamani." Alinitazama kama nimemwuliza kwa nini ananawa miguu kabla ya kuswali. "Ndoo yangu inateremka ngazi zote hizi, inapita mbele za watu. Watu watafunua, wataona nilichomenya. Nikuletee uchafu mbichi hivi hivi? Mama yangu angenikana."

Nikapanda ngazi mlango hadi mlango kuuliza, na majibu yakawa yale yale. Wote walikuwa wakiosha. Machicha yalisuuzwa mara mbili ili yawe meupe. Kwa sababu ndoo ya taka inasema yote: umepika nini, umekosa nini, unamenya mbatata kwa unene gani, na kama jana ulikula samaki au ulikula dagaa na kuwaambia watu samaki. Siri ya nyumba imo ndani ya maganda yake, na mimi nilikuwa nimewataka wanawake wa Kizanzibari na wa Kibujumbura waipitishe siri hiyo ngazini kila alasiri, mwezi wa kufuturishana. Yule mwenye kabichi aliniambia bila kupepesa kwamba aliitia makusudi, watu wasije wakadhani nyumba yake haili mboga. Tulikuwa tunashindana kwa taka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, halafu nikakumbuka Ijumaa na kicheko kikakatika.

Niliwaambia wasioshe. Wakasema sawa. Kesho yake ndoo zikaja zinachuruzika. Niliwaambia tena, safari hii kwa ukali, nikisimama katikati ya ngazi na sauti yangu inapanda hadi paani. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya nne akanijibu kwa upole, "Akili ni nywele, mwanangu, kila mtu ana zake," akafunga mlango. Niliona hapana mtu atakayepita na ndoo chafu mbele ya jirani yake kwa sababu nimempigia kelele. Nisingepita mimi.

Na nyumbani nilikuwa na vita ya pili. Tangu siku ya kwanza mama hakupenda kuona ndoo za watu zikirudi tupu. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akikuletea sahani ya kaimati, sahani haivuki mlango kurudi mpaka imetiwa kitu, hata kama ni ndimu mbili. Nilimwambia hizi ni ndoo za taka.

"Chombo ni chombo," alisema. "Ndoo zimeingia nyumbani kwangu zimejaa, zinatoka tupu. Watasema nini?"

Basi, bila kuniambia, akaanza kukaanga vitumbua. Alivifunga kwenye karatasi na kuviweka juu ya kifuniko cha kila ndoo inayorudi. Na wale waliopokea vitumbua, wangefanyaje? Kesho yake wakaleta ndoo zilizojaa zaidi na kuoshwa zaidi, na juu yake sahani ya sambusa kumrudishia mama, na mama naye akaona amezidiwa, akaongeza. Vitumbua vya mama vilikuwa vinazamisha lundo langu, na mwenyewe, mzee wa watu, kafunga, amesimama mbele ya mafuta yanayochemka alasiri nzima.

Ilikuwa Alkhamisi. Nimetoka kwenye lundo, mikono yangu inanuka, kesho ndiyo Ijumaa ya fundi. Mama alikuwa kakaa kitako jikoni, uso umemsawijika.

"Unga umekwisha," alisema. "Sina vitumbua leo. Lakini ndoo za watu usizirudishe tupu."

"Mama, lundo lenyewe limekufa."

"Lundo lako limekufa, majirani zangu hawajafa. Usizirudishe tupu."

Hasira ikanipanda. Nje palikuwa na kigari kimejaa maranda niliyotoka nayo kwa fundi, nikiwa na nia ya kesho kufanya jaribio la mwisho. Nikaburura ndoo zote mpaka pale, nikachota maranda kwa mikono miwili, nikajaza kila moja hadi karibu ya nusu. Haya, hakuna tupu. Nikazifunika, nikazipandisha ngazi, nikazibwaga mlangoni mwa kila mtu, na nilikuwa natamani kabisa atokee mmoja aniulize hii ni nini ili nimjibu.

Hakutokea mtu. Ila kesho yake, Ijumaa, siku isiyo ya kazi, nilifungua mlango wa nyuma asubuhi, na ndoo zilikuwa zimekwisha letwa kabla ya wakati wake, ya kwanza ile ya mwenye kabichi. Niliinyanyua, ikawa nyepesi. Nikaifunua nikaona maranda tu. Nikadhani amenirudishia kwa kunikomoa. Nikatia mkono. Chini ya maranda palikuwa na maganda, hayakuoshwa, yana udongo wake wa mbatata na kila kitu, na yalikuwa makavu. Maranda yameyanywa maji yote. Hakuna harufu. Nikafungua ya pili, ikawa vile vile, na ya tatu. Nilisimama pale mkono umezama kwenye taka ya watu mpaka kwenye kiwiko na nywele zinanisimama kwa furaha.

Nikapanda ngazi mbili mbili mpaka kwa yule mwanamke.

"Nani aliyekwambia ufunike?"

Alishangaa. "Si wewe uliyetuletea? Nikatia maganda chini, nikayafunika, kama mtu anavyofunika chakula. Sasa nani ataona? Nioshe ya nini?" Kisha akaongeza, kwa lawama kidogo, "Ungetuletea hayo tangu mwanzo tusingechoka."

Nilikumbuka darasa zima la Dhaka na sikukumbuka mtu aliyetufundisha hilo. Nikateremka kwa kishindo kumwambia mama kwamba ndoo zake zisizorudi tupu zimetuokoa. Alikuwa anakunja miswala. "Nimekwambia siku ngapi?" alisema, na hakuacha kukunja.

Lakini lundo lenyewe lilikuwa bado kinamasi, na siku yenyewe ndiyo hii. Mimi na jirani wa ghorofa ya tatu tukavuka na mabeleshi. Wakafuata wengine wawili, wamejifunga kanga viunoni juu ya magauni yao, kisha mwenye kabichi naye. Tukalipasua lundo. Harufu iliyotoka humo sitaieleza. Tukalipindua chini juu, tunatia maranda tabaka kwa tabaka, na saumu imetukaba. Fundi alipotoka msikitini na vijana wake alikuwa na nia ya kulifukia, hilo nililiona usoni mwake. Alisimama. Alitutazama wanawake watu wazima tumepakaa uvundo mpaka usoni. Jirani yangu akampa ndoo, akamwonyesha maganda yaliyofunikwa, akamsogezea puani. Alinusa mara moja, akanusa tena. Akavua saa yake, akaitia mfukoni, akachukua beleshi langu mkononi.

Zile siku zilizofuata ndizo ninazozipenda kuliko zote. Asubuhi moja ya baridi nilipita kabla ya kwenda kazini nikakuta lundo linafuka moshi, moshi mweupe mwepesi unaopanda kufuata jabali. Nikatia mkono, nikautoa haraka. Lilikuwa na moto. Fundi naye akaja akatia wake, akasema "Har," moto, akacheka kicheko kikubwa, akaita vijana wake mmoja mmoja waje watie mikono, na kila mmoja akiutoa mbio wengine wanamcheka. Hakukuwa na nzi. Hakukuwa na harufu ila ya mbao na ardhi. Mwenye duka la mboga wa kona, Mhindi wa Malabari, akaja kuuliza kama na yeye anaweza kuleta majani yake ya kabichi na mashina ya kotimiri, na badala ya kumjibu mimi, alijibiwa na fundi: alete, lakini atie maranda. Nilimwacha aseme. Lilikuwa limekuwa lundo lake.

Na kwenye lile pipa la chuma chini ya dirisha la mama yalibaki makaratasi, makopo, na boksi za tende. Ofisa wa baladiya alikuja akachungulia ndani, akachungulia tena, kisha akavuka barabara kumwuliza fundi. Mimi nilisimama kando, roho juu. Fundi hakunitazama hata mara moja. Alinyoosha mkono kuonyesha mahali, karibu na lango lake mwenyewe, akasema, "Hat." Lete.

Lori lilikuja asubuhi, Idd iko mlangoni, jengo zima linanukia iliki na siagi ya kuokea. Likalifunga pipa minyororo, likalinyanyua, likavuka nalo barabara, na fundi analiongoza kwa mikono kama gari jipya linaloegeshwa. Nilikimbilia chumbani kwa mama. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha, mikono nyuma.

"Mama, fungua."

"Bado."

"Pipa limekwenda, mama."

"Limekwenda na uchafu wake umebaki chini. Nifungue nitazame nini?"

Baada ya yote yale. Nilichukua ufagio na ndoo ya maji nikatoka nje, nikaanza kusugua lami pale pipa lilipokuwa, nikilia kwa hasira. Sikumwita mtu. Kikatangulia kicheko ngazini, na jirani wa ghorofa ya tatu akatokea na sabuni. Akaja mwenye kabichi. Akateremka hata yule wa ghorofa ya nne, wa akili ni nywele, na brashi ya mkono, akapiga magoti. Tulisugua, tukamwaga maji, tukasugua, mpaka lami ikarudi nyeusi.

Tukasikia kitasa. Dirisha lilikuwa limeganda kwa kutofunguliwa, akaligonga kwa kiganja mara kadhaa, tukaacha kusugua wote tukalitazama. Likafunguka. Mama akaegemea kwa viwiko, akatazama upande wa Matrah, akatazama upande wa Ruwi, bila haraka. Kisha akatutazama sisi.

"Wewe wa kabichi," alisema, "hapo pembeni umepasahau."

Wanawake wakaangua kicheko, wakaja dirishani mmoja mmoja kumwamkia, mikono imelowa. Anawauliza kila mmoja anaoka nini, na ni akina nani watakaokuja kwake Idd. Mimi nilibaki nyuma na ufagio wangu. Nilikuwa nimeingiwa na hofu mpya, ambayo siku zote zile sikuipa nafasi. Mama alisema dirisha lisipofunguka atakwenda. Hakusema hata siku moja kwamba likifunguka atakaa. Chumba cha Unguja kimepakwa chokaa, kaka yake anamngoja, na mimi sikuthubutu kumwuliza mbele za watu.

Akaondoka dirishani. Nikasikia anazungusha namba za simu, polepole, moja moja, kisha sauti yake, ile ya kupigia simu mbali, kama kwamba Unguja wamsikie bila waya.

"Aloo, kaka'ngu. Nzima, nzima, Alhamdulillah. Kile chumba mpe mjukuu wako." Akasikiliza. "Siji. La, hajanizuia mtu. Tutazungumza kesho, kaka, sasa sina nafasi. Nna watu dirishani wananingoja."

Niliketi kwenye ukingo wa njia, uliokuwa bado umelowa, nikalia mbele ya majirani zangu wote, na sikujifuta.